Spana ya upepo kwa pancha ya Salgaa: nusu inchi, robo tatu au inchi moja?

Pancha_Salgaa
Wakuu, habari za jioni. Nimepata kibanda hapa Salgaa, upande wa magari yanayopanda kwenda Eldoret. Kazi ni pancha na kubadilisha tairi. Hadi leo tunafungua nati kwa spana ya mkono na bomba la kuongezea urefu, na mgongo umeanza kunidai. Nimeweka kando elfu sitini za spana ya upepo. Duka moja Nakuru wamenionyesha tatu, kwa upana wa kile kichwa cha mraba kinachoshika soketi na kwa nguvu ya kusokota (Nm): ya nusu inchi imeandikwa Nm 1,200, ya robo tatu Nm 1,600, ya inchi moja Nm 2,800. Bei zinapishana sana. Nimeambiwa nati ya lori inakazwa kwa Nm 600 na kitu. Si basi ile ya nusu inchi inatosha na kubaki? Ijumaa nashuka mjini, nipeni mwelekeo.

FundiKondele
Kompresa yako ni ya farasi ngapi? Tangi lita ngapi? Stima ni ya fezi moja au tatu? Na wateja wako ni Probox au trela? Hujasema hata moja, kisha unataka tukuchagulie.

Mama_Spea
Mwanangu, mimi nauza spea Nakuru mwaka wa kumi na mbili huu, nitakuambia jambo ambalo watu wa dukani hawapendi kusema. Geuza boksi usome maandishi madogo. Ile namba kubwa ya mbele mara nyingi ni ya kufungulia, tena ile ya juu kabisa ambayo mashine ikiwa mpya, na hewa imejaa, inaweza kufika. Ya kukazia huwa chini yake, na ya kazi ya kila siku chini zaidi. Kuna mashine za 1,200 ambazo ukizitumia kwa starehe unapata kama nusu. Na Nm 600 ni nati iliyokazwa jana. Nati iliyokaa miaka miwili na kutu na vumbi la Mau Summit haijui kitabu kinasema nini.

Uliza pia wamepima kwa futi-pauni au kwa Nm. Futi-pauni moja ni Nm 1.36 hivi, kwa hiyo namba ya Nm huonekana nene zaidi kwa nguvu ileile.

TanboiMstaafu
Mnampeleka mbali bure. Kijana, nunua ile spana ya gia ya kuzungusha kwa mkono, ile madereva wa masafa hubeba chini ya kiti. Uwiano wake 1:58, yaani unazungusha mkono mara 58 nati inageuka mara moja. Haitaki stima, haitaki kompresa, haipigi kelele watu wakilala. Nimefungua nayo nati pale Burnt Forest mvua ikinyesha, peke yangu, na mimi si mtu wa mwili.

FundiKondele
Mzee, mara 58 kwa nati moja, nati kumi kwa gurudumu, magurudumu mawili. Huyo mteja atakuwa amelala na kuamka. Hiyo ni ya dharura barabarani. Fundi wa pancha analipwa kwa haraka yake.

TanboiMstaafu
Ikishalegea unaitoa, unamalizia kwa spana ya kawaida. Kwani nani alikuambia uzungushe mpaka mwisho?

Pancha_Salgaa
Samahani wakuu, nilisahau. Kompresa ninayo, nimeuziwa na shemeji: farasi mbili, tangi lita 100, fezi moja. Wateja ni mchanganyiko. Mchana matatu na gari ndogo, usiku malori na trela zinazolala hapa. Pesa nzuri iko usiku.

FundiKondele
Nilijua. Sasa keti nikusimulie.

Miaka michache iliyopita nilikuwa na kijumba Ahero. Nikanunua spana ya inchi moja, kichwa kama cha ndama, boksi limeandikwa namba ya kutisha. Chapa siitaji. Kompresa yangu ilikuwa kama hiyo yako ya shemeji, hata rangi nadhani ni ileile. Siku ya tatu, saa nne usiku, ikaingia lori la miwa, gurudumu la nyuma la ndani limekwisha upepo. Dereva ana haraka, miwa inakauka, kila saa anapoteza uzito kwenye mizani. Nikatia soketi ya milimita 33, nikabonyeza. Ta-ta-ta-ta, nati ya kwanza ikatoka! Nikamtazama dereva hivi, kama mtu aliyeoa. Ya pili ikatoka kwa shida. Ya tatu mashine ikaanza kuongea kwa unyonge, ta... ta..., ikawa inafukuza upepo tu. Mshale wa geji umelala bar 4. Ikabidi tungoje kompresa ijaze, nayo inanguruma kama posho mill, taa za kibanda kizima zinafifia. Dakika mbili. Nati moja. Dakika mbili. Nati nusu, maana ililegea ikakwama. Nati ya tano mota ikanuka ile harufu ya waya kuungua, nikazima mwenyewe.

Tanboi wake, kijana wa ndala, hakusema neno. Akaenda nyuma ya lori akaleta bomba la chuma, akalivisha kwenye spana yao, akapanda juu na kuruka. Nati tano zilizobaki akazimaliza kabla sijapata la kusema. Dereva akanilipa pesa ya kuziba tu. Ya kufungua akampa tanboi, mbele yangu.

Mhandisi_Njoro
Hesabu ya kisa cha FundiKondele ni rahisi. Tangi la lita 100 likishuka kutoka bar 8 hadi 6 linatoa lita 200 za hewa ya kawaida, basi. Spana ya inchi moja ikipiga mfululizo hula CFM 30 (futi za ujazo kwa dakika) na zaidi. CFM moja ni lita 28 kwa dakika, kwa hiyo ni kama lita 850 kwa dakika. Sekunde 15 hivi, umeshuka chini ya bar 6.2, yaani psi 90, na hapo ndipo namba zote za boksi zilipopimwa. Kisha kompresa ya farasi mbili inayotoa kwa kweli lita 150 kwa dakika inataka zaidi ya dakika moja kurudisha ulichokula.

Na ile "matumizi ya wastani" iliyoandikwa kwenye boksi, CFM 5 au 10, wamehesabu ukibonyeza kidogo na kupumzika sana. Msidanganyike nayo.

Kingine, watu wanachanganya torki na nguvu. Torki ni kusokota. Nguvu ni kusokota mara kasi. Mota ya hewa ndani ya spana hii ni ndogo, ingekuwa inasokota nati moja kwa moja usingefungua hata Vitz. Inachofanya ni kuzungusha nyundo ya chuma ikiwa huru, nyundo inakusanya kasi, kisha inagonga mhimili wa soketi. Torki kubwa ipo kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, ndiyo maana mkono wako haupindwi. Hewa ikipungua, nyundo inafika ikiwa imechoka. Soketi nyembamba ya kung'aa, au kiungo kirefu katikati, inayumba na kumeza pigo lenyewe. Tumia soketi nyeusi za impakti. Zile za kung'aa hupasuka na vipande huruka.

Paipu nayo: ndani iwe milimita 10 kwa nusu inchi, 13 kwa robo tatu, 19 kwa inchi moja. Geji ya tangi inaweza kusema 8 na kwenye mkono wako ikafika 5.

Dala_Kisumu
Nakuru mna shida nyingine, hewa yenu ni nyepesi. Mji uko karibu mita 1,850, sisi huku ziwani 1,130 hivi. Kompresa ileile inameza hewa pungufu kwa kila mzunguko huko kwenu.

Mama_Spea
Kwani nati za Kisumu ni za samaki? Kompresa hujaza mpaka geji ifike.

Mhandisi_Njoro
Wote mna haki. Itafika, lakini kwa muda mrefu zaidi. Hapa kwetu kila bilauri ya hewa ni pungufu kwa asilimia 20 hivi ukilinganisha na Mombasa. Na anayetaka kompresa ya injini ya petroli ajue injini nayo inalegea kwa sababu hiyohiyo.

Dala_Kisumu
Asante. Na samaki wetu tuachie.

Dereva_Malaba
Ninyi mnaongea kufungua tu. Mimi ninayeendesha naogopa kukaza. Jamaa mmoja barabara hii alinikazia kwa inchi moja huku anaongea na simu, kidole hakitoki kwenye triga. Kupanda Timboroa nikasikia gari linapiga miguu. Kushuka, studi tatu (zile boliti zinazoshika gurudumu) zimekatika, zimevutika kama ubani. Nililala hapo na baridi yake. Kaza kwa mashine mpaka ishike, kisha malizia kwa spana ya torki, ile ya mkono inayopima nguvu ya kukaza. Mwambie dereva akaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Anayebisha asiguse gari langu.

Na uulize kwanza nati zinafunguka upande gani! Zile Isuzu na Fuso za zamani, magurudumu ya kushoto huwa na uzi wa kinyume.

TanboiMstaafu
Si zote.

Dereva_Malaba
Sijasema zote. Tazama kichwa cha studi, ikiwa na L ni kinyume. Zile studi zenye nati mbili, ya nje inataka soketi ya milimita 41, ya ndani kichwa cha mraba cha 21. Za nati kumi za Ulaya nyingi ni za kawaida.

Pancha_Salgaa
Kumbe! Wiki jana nilivunja moja ya Fuso, nikadhani ni kutu. Mwenye gari hajui bado.

Mama_Spea
Na wewe umeandika hapa Fuso na Salgaa. Haya.

Betri_Tu
Sijaona mtu akitaja za betri. Volti 18, nusu inchi, unachaji mchana unafanya kazi usiku, stima ikipotea haikuhusu. Kwa matatu na gari ndogo hutarudi kwa upepo. Corolla inataka Nm 103 tu.

FundiKondele
Na trela?

Betri_Tu
Trela atumie ile ya mzee ya kuzungusha 😀

TanboiMstaafu
Asante kijana, angalau mmoja ana akili.

Mhandisi_Njoro
Kwa kompresa aliyo nayo ningechukua nusu inchi nzuri, nyundo mbili, kama Ingersoll Rand au Chicago Pneumatic akipata ya mkono wa pili isiyochakaa, na matone machache ya mafuta ya mashine za hewa kila asubuhi. Maji ya tangi ayatoe kila jioni. Malori angoje mpaka apate kompresa ya farasi saba na nusu, na hiyo inataka fezi tatu.

FundiKondele
Angoje, na pesa yake iko usiku? Achukue robo tatu na aongeze tangi la pili.

Mhandisi_Njoro
Tangi la pili halitengenezi hewa, linaichelewesha tu kuisha.

FundiKondele
Kuchelewa huko ndiko nati nne.

Pancha_Salgaa
Nimemuuliza mwenye kibanda kuhusu fezi tatu, amecheka. Lakini kuna jamaa hapa mbele anauza kompresa ya injini ya petroli, farasi sita na nusu, mikanda miwili. Anasema imefanya kazi miezi minane tu. Nikiongeza hiyo, pesa ya spana inabaki ya nusu inchi, labda robo tatu ya mkono wa pili.

Dereva_Malaba
Miezi minane ya nani? Ya pancha au ya kupulizia rangi?

Mama_Spea
Fungua kifuniko cha mafuta uone rangi yake kabla hujatoa shilingi. Na uvute kamba ikiwa baridi, asubuhi na mapema, kabla hajaipasha moto.

Pancha_Salgaa
Kesho saa kumi na mbili niko hapo. Kuna mwenye geji ya kuazima?