Mrejesho: kidole kilichoumwa na paka

Habarini ndugu zangu. Niliuliza hapa kama vitundu viwili vya meno ya paka, visivyotoa hata damu ya maana, vinahitaji daktari. Paka wa jirani hapa Kondele aliniuma kwenye kiungo cha kidole cha shahada nikimfukuza kwenye omena.

Vinahitaji. Kulipokucha kidole kilikuwa chekundu, kinang'aa, hakikunjiki, na daktari alipobonyeza, usaha ukatoka. Alinieleza kwamba jino la paka ni jembamba kama sindano: linapeleka vijidudu hadi kwenye kano na kiungo, kisha ngozi inajifunga juu. Msumbufu mkubwa ni bakteria aitwaye Pasteurella multocida, anayekaa kinywani mwa paka mzima kabisa, na mara nyingi uvimbe huanza kabla ya saa 24.

Kidonda hakikushonwa. Kilioshwa, nikapewa amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulaniki, maana vijidudu ni wa aina nyingi na amoksilini ya kawaida haiwawezi wote. Nikadungwa pia ya pepopunda.

Patashika ilikuwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Jirani alinuna: “Huyu ni paka, si mbwa!” Lakini paka hupata na kuambukiza ugonjwa huo, na wake hajawahi kuchanjwa. Nilianza sindano palepale huku paka akichunguzwa siku 10. Yuko hai, anakula vizuri kuniliko. Kidole kinakunjika, ila kusonga ugali bado kunauma.