R134a ya AC ya gari inapigwa marufuku kweli? Na nusu kilo ya gesi inadhuru nini hasa?

Baridi_Kidogo

Wakuu habari zenu. Naomba kueleweshwa maana kila ninayemuuliza ananijibu lake. Gari langu linatumia R134a, stika ipo chini ya boneti imeandikwa gramu 500. AC ikishajazwa gesi inapoa vizuri tu halafu taratibu inaanza kupuliza hewa ya kawaida, basi narudi kwa fundi anajaza tena maisha yanaendelea. Safari hii kaniambia nijiandae, hiyo gesi inafutwa dunia nzima kisa inaongeza joto, akanishauri anihamishie kwenye gesi nyingine "ya asili", nilipombana kumbe ni hii hii ya kupikia.

Sasa maswali yangu, kwanza hiyo marufuku ipo kweli au ni biashara ya watu? Pili hivi nusu kilo ya gesi iliyofungiwa kwenye mabomba inashindana vipi na moshi unaotoka kwenye egzosi kila siku, hao watunga sheria hawana kazi nyingine? Tatu hiyo ya kupikia vipi, maana jamaa ameapa inapoza kuliko ya mwanzo.

fundi_mpole

Mkuu nianze na la pili maana ndo watu wengi wanalidharau. Kilo moja ya R134a ikitoka angani inashika joto sawa na kilo 1,430 za hewa ya ukaa, ukihesabu kwa miaka 100, na hicho ndo kipimo kilichotumika kwenye sheria nyingi. Chukua gramu zako 500 zidisha, unapata kilo 715. Lita ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za hewa ya ukaa, kwa hiyo mfumo wako ukiisha gesi yote ni kama umeunguza lita 300 na ushee za petroli bila gari kusogea hata hatua moja. Na hiyo gesi haikai sana huko juu, ni miaka kama 14, maana yake joto lake linakuja kwa fujo mwanzoni, ukipima kwa miaka 20 badala ya 100 ile namba inavuka 3,500.

Na hapo kwenye "iliyofungiwa" sikubaliani kabisa. Friji ya nyumbani imechomelewa kila mahali na kompresa imefungiwa ndani ya kopo lake. Kwenye gari kompresa inazungushwa na mkanda wa injini, shafti inatokeza nje kupitia sili, hozi ni za mpira kwa sababu injini inatikisika, kila maungio yana oringi, halafu kondensa, ile rejeta ya AC, imekaa mbele kabisa inapokea mawe. Itavuja tu, tofauti ni kiasi gani na kwa muda gani. Kachungulie kwako, ukiona kwenye maungio ya bomba kuna vumbi jeusi limeganda lina mafuta mafuta basi hapo ndo pana tundu, kwa sababu gesi inatoka imebeba mafuta ya kompresa na vumbi linanasa.

Kuhusu marufuku, ipo ila sio hiyo uliyoambiwa. Umoja wa Ulaya walipitisha sheria mwaka 2006 kwamba gesi ya AC ya gari isizidi 150 kwa kipimo hicho nilichokutajia, ikaanza na modeli mpya 2011, na kufika 2017 ikawa kila gari dogo jipya. Marekani wamefunga kwa magari madogo mapya kuanzia modeli za 2025. Zote zinahusu gari jipya linalotoka kiwandani. Gari ambalo lilitoka na R134a linaendelea kujazwa R134a hata hukohuko Ulaya, hakuna anayekuja kufungua boneti yako.

Ila ndani ya hiyo ya Ulaya kuna kipengele ambacho mimi naona kina maana kuliko vyote na hakizungumzwi, kinasema kama gari limepoteza gesi isivyo kawaida ni marufuku kujaza mpaka uvujaji utengenezwe kwanza. Yani hicho anachokufanyia fundi wako kila mara, jaza nenda jaza nenda, kwa wenzetu ni kosa.

Spana_Kumi_na_Mbili

Hahaha haya sasa. Mi niko kwenye hizi kazi tangu enzi za R12, tuliambiwa hivihivi kwamba R12 mbaya inatoboa ozoni hamieni R134a ndo salama, tukabadilisha mafuta tukabadilisha oringi tukabadilisha nozeli. Leo R134a nayo mbaya, hamieni R1234yf. Na hiyo R1234yf hataza zake walizishika makampuni mawili, Honeywell na DuPont, Tume ya Ulaya yenyewe ilifungua uchunguzi wa ushindani juu yao mwaka 2011. Mtu akiniambia hii ni mazingira tu hakuna pesa ndani nitacheka sana.

Halafu gesi yenyewe inawaka! Mwaka 2012 Daimler, watengenezaji wa Mercedes, walifanya jaribio lao wakairushia kwenye injini iliyochemka ikalipuka moto, wakagoma kuitumia wakaendelea na R134a, Ufaransa ikazuia baadhi ya Mercedes mpya zisisajiliwe. Mpaka mahakamani ilifika. Sasa kama Mjerumani anaiogopa mimi ni nani

fundi_mpole

@Spana_Kumi_na_Mbili shikamoo mzee. Ya Daimler ni kweli tupu ila malizia hadithi, mwaka 2018 Mahakama ya Ulaya iliamua kwamba Ujerumani ilikosea kuyaachia yale magari. Na kampuni yenyewe baadaye ikaanza kuuza magari yenye R1234yf, na mengine machache yenye hewa ya ukaa yenyewe kama gesi ya kupozea.

Hili la R12 nalo naomba nilisemee maana linachanganya watu. R12 ilikuwa na klorini ndo maana ikatoboa ozoni, R134a haina, kwa hiyo pale hatukudanganywa, tatizo la ozoni lilikuwa la kwake na lilitatuliwa. Na hata kwa joto tu R12 ni karibu mara 10,900 ya hewa ya ukaa, kwa hiyo kutoka kule kuja 1,430 tulishapunguza mzigo mkubwa sana bila hata kukusudia. R1234yf iko chini ya 5. Inaoza angani ndani ya siku kama 11 hivi.

Msomaji_Kimya

Na ikishaoza inaacha nini? Hapo ndo huwa mnaruka. Karibu yote inageuka kuwa asidi inayoitwa TFA, inashuka na mvua na haiozi tena, wakati R134a inatoa TFA kwa sehemu ndogo tu. Ulaya kwenyewe sasa hivi kuna pendekezo lililowekwa mezani 2023 la kubana kemikali zote za jamii ya PFAS, zile zisizooza kirahisi, na hiyo gesi imo ndani ya kundi. Sisemi turudi R134a, nasema sheria iliyoweka namba moja tu ya joto ndo imetufikisha hapa, kiwanda kilitafuta kitu cha kupita chini ya 150 kikakipata.

Njia safi kwangu ni hewa ya ukaa, R744. Namba yake ni 1, haiwaki, haina hataza ya mtu. Kasoro yake ni presha, upande wa juu inaweza kuvuka bar 100 wakati R134a inacheza kwenye 15 mpaka 20, kwa hiyo kila kitu kinatakiwa kiwe kipya kuanzia hozi mpaka kompresa, na joto la nje likivuka nyuzi 31 haigeuki kuwa kimiminika kwenye kondensa kama gesi nyingine, ufanisi unashuka pale pale unapoihitaji. Ndo maana imeshika zaidi kwenye magari ya umeme ya nchi za baridi ambako wanaitumia kupasha joto pia.

DadaGeji

Nyie mnabishana Ulaya na huyu kaka anaenda kuwekewa gesi ya kupikia! Nijibu la tatu mimi.

@Baridi_Kidogo kaka fundi wako hajakudanganya kwenye kupoza, propani na isobutani zilizomo kwenye gesi ya kupikia zinapoza vizuri sana na kwa mazingira ni nzuri, hata friji za kisasa zinatumia isobutani. Ila friji ina gramu chache na haina injini ya moto pembeni. Kwenye gari evaporeta, kile kipande kinachopoza hewa, iko ndani ya dashibodi, yani mbele ya magoti yako, ikitoboka gesi inaingia kwenye kabini iliyofungwa vioo vyote na feni inaisambaza. Cheche ndogo tu ya swichi inatosha. Wanaposema R1234yf nayo inawaka ni kweli lakini kuiwasha unahitaji cheche yenye nguvu maelfu ya mara kuliko ya propani na moto wake unatembea polepole, ndo maana waliikubali na hiyo ya kupikia mamlaka ya mazingira ya Marekani haijaiidhinisha kwenye AC za magari.

Na kuna shida ya pili ambayo wewe hutaiona ila mimi nitaiona. Siku ukija kwangu na stika imeandikwa R134a, naunganisha geji, presha inasoma vizuri tu maana geji haijui ndani kuna nini, navuta gesi kwenye mashine yangu ya kurejesha, nimeshachafua mtungi mzima na nina kitu kinachowaka ndani ya mashine isiyotengenezwa kwa hicho kitu. Bila kile kifaa cha kutambua gesi huwezi kujua. Ukienda kwa fundi mpya huku gari limeshachanganyiwa, mwambie kabla hajagusa chochote.

Na mitungi feki ni balaa lingine. Zamani kidogo, 2011, makontena ya kubebea vitu vya baridi yalilipuka mafundi wakafa, ilikuja kuonekana R134a ilikuwa imechakachuliwa kwa kloridi ya methili, hiyo ikikutana na aluminiamu inatengeneza kitu kinachojiwasha chenyewe kikigusa hewa. AC ya gari lako ni aluminiamu karibu yote. Sheria zinavyobana R134a ndivyo magendo yanavyoongezeka, Ulaya walishakutana nayo, kwa hiyo hapo watunga sheria wajipange.

Kiyoyozi_Makini

Naomba kuongeza kuhusu "dunia nzima" maana huenda fundi alichosikia ni Marekebisho ya Kigali. Yale yalikubaliwa Oktoba 2016 chini ya Itifaki ya Montreal, ule mkataba wa kulinda ozoni, yakaanza kufanya kazi 2019, na nchi zaidi ya 150 zimeshayaridhia. Hayafuti gesi, yanapunguza kiasi. Nchi tajiri zinatakiwa zishuke asilimia 85 ifikapo 2036. Nchi nyingi zinazoendelea zimefunga kiwango chao 2024, zinakata asilimia 10 mwaka 2029 na kuendelea mpaka 80 mwaka 2045, na kuna kundi dogo, India na baadhi ya nchi za joto kali, lenyewe kufunga ni 2028.

Kitu ambacho watu hawakijui ni jinsi wanavyohesabu. Inahesabiwa gesi inayozalishwa au kuingizwa nchini ikiwa kwenye mitungi. Ile iliyokuja ndani ya AC ya gari haihesabiwi kwa nchi inayopokea gari, inahesabiwa kule ilikojazwa. Kwa hiyo nchi ikipokea magari mengi ya R134a yanaingia kama hayana deni, ila kila yanapovuja na kujazwa upya ile gesi ya mtungi inakula mgao wa nchi, mgao huohuo ambao maghala ya baridi na hospitali wanautegemea. Mwaka 2029 ukifika na magari yanayovuja ni mengi, R134a haitakuwa marufuku, itakuwa adimu, na adimu nadhani inauma zaidi.

Na hizo sheria za Ulaya zinagusa magari madogo tu. Mabasi yenye kilo kadhaa za gesi juu ya paa hayamo kwenye ile ya 2006. Sijui walifikiria nini.

Baridi_Kidogo

Asanteni sana, dada ya kupikia nimeiacha aisee. Sasa nikirudi kwa fundi nimwambieje ili nisionekane najua sana? Maana yeye akianza kazi kitu cha kwanza anabonyeza ile pini ya nozeli kwa bisibisi, inatoka fssss na ukungu wa mafuta unaruka mpaka kwenye shati, anasema anatoa gesi ya zamani.

fundi_mpole

Hiyo fssss ndo zile lita 300 bwana, kama mfumo ulikuwa umejaa. Marekani kuachia gesi hizi hewani makusudi ni marufuku tangu 1995. Na hakuna kitu kinaitwa gesi ya zamani, haichakai, inasafishwa inarudishwa. Muulize kama ana mashine ya kurejesha, kama hana tafuta mwenye nayo.

Ukimpata, mwambie hutaki kujaziwa kabla ya kutafuta tundu. Ajaze naitrojeni kavu apake povu la sabuni kwenye maungio, au aweke ile rangi inayong'aa kwa taa ya blu utembelee siku chache urudi. Mara nyingi ni oringi tu au ile pini ya nozeli yenyewe, vitu vidogo. Akishatengeneza avute vakyumu, asimamishe pampu aangalie geji kama sindano inapanda, ikitulia ndo apime gramu 500 kwa mizani. Sio kwa kukadiria kwa kushika bomba kama limepoa.

Pikipiki_Mbili

Samahani kuingilia, gari langu ni haibridi, kompresa ya umeme, hayo yote yananihusu?

DadaGeji

Yanakuhusu ila kuna moja zaidi na ni kubwa. Kompresa yako haina mkanda wala ile sili ya shafti kwa hiyo inavuja kidogo kuliko ya mwenzio, ila motor iko ndani inaogelea kwenye mafuta na gesi, kwa hiyo mafuta lazima yawe ya POE yasiyopitisha umeme. Wengi wana mafuta ya PAG, yale ya AC za kawaida, kwenye chupa moja wanawekea kila gari, na hata mabaki ya PAG kwenye hozi za geji yanatosha kuleta hitilafu ya umeme wa volti kubwa. Muulize kabla hajaunganisha hozi, akikujibu "mafuta ni mafuta tu" funga boneti uondoke.