Naomba ushauri: vitabu vya visa na maajabu kwa mtoto wa darasa la sita

Wakuu, habari za leo. Nina mpwa wangu naishi naye hapa Uyole. Tangu bibi yake amsimulie habari za Ziwa Ngozi, lile la kreta kule milima ya Poroto, anataka visa vya majoka na safari za hatari tu.

Nilimpa Adili na Nduguze ya Shaaban Robert. Alipofika pale Adili anapowachapa manyani wawili kila usiku, aligoma kuja kula mpaka ajue kwa nini. Kaimaliza, sasa anairudia. Alfu Lela Ulela nayo anaipenda, ila baadhi ya visa ni vya kikubwa, inabidi nimchagulie.

Shida ni maduka ya vitabu. Yamejaa vya kiada na mitihani iliyopita. Ukiulizia hadithi unaoneshwa vile vya chekechea. Kiingereza bado kinampa tabu, na kusoma huku kashika kamusi raha yote inaisha.

Nitajieni vya Kiswahili, visa virefu, umri wa miaka 11 hadi 13. Hata vilivyochakaa, twende tu. Na kama kuna anayeuza vitabu vya mitumba Mwanjelwa au Iringa mjini, nielekezeni yuko upande gani.