Noti zimejaa simuni, kichwani hamkai kitu. Naombeni ushauri

Binti wa Githurai
Wadau, hamjambo. Nauza vifaa vya umeme kwenye duka moja Luthuli, Nairobi, na jioni nasomea CPA, ile kozi ya uhasibu. Nikitoka kazini jioni, nafika nyumbani saa mbili, hapo Thika Road ikiwa imekubali.

Kusoma nataka, ila mambo ni mengi mno. Magrupu ya WhatsApp hayalali. Huyu katuma PDF, yule video ya saa nzima, mwingine mtihani wa zamani uliosahihishwa kwa njia mbili zinazopingana. IAS 16, kile kiwango cha uhasibu cha mali kama majengo na mashine, peke yake ninayo kwa noti za watu wanne, na kila mmoja anaanzia kwake. Nikifungua za huyu, nawaza labda za yule ni bora. Usiku unakwisha nikipekua tu.

Na hii nidhamu ya kila siku mnaijengaje? Nikipanga kuamka saa kumi alfajiri, siku chache naweza, kisha mwili unakataa. Mtihani ni Desemba na ada imelipwa kwa jasho langu. Nisaidieni.

Mhasibu wa Umoja
Pole na kazi, dadangu. Chukua silabasi ya KASNEB, bodi inayotunga mitihani yenu, waambie watu wa saiba wakuchapishie, uibandike ukutani. Kila somo lichagulie kitabu kimoja kinachoifuata hiyo silabasi, basi. Si lazima kiwe bora kuliko vyote. Vile vya grupuni viweke kwenye folda moja, uvifungue Jumapili tu, tena ukiwa na swali lililokushinda. Usipokuwa na swali, usifungue. Magrupu yenyewe yanyamazishe. Tangazo la maana litakufikia tu.

Mwalimu mstaafu
Nakubaliana na Mhasibu, ila kitabu kimoja pia kinaweza kusomwa bure. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 jinsi tunavyosahau haraka tulichojifunza tusipokirudia. Na mwaka 2006, Roediger na Karpicke waligundua kwamba wanafunzi waliosoma kisha wakajipima walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliosoma tena na tena. Cha ajabu, baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio walioongoza. Hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu usiku ule ule mtu hujiona ameelewa.

Kwa hiyo, binti yangu, soma kurasa chache za IAS 16, funga kitabu, chukua karatasi tupu. Kampuni imenunua mashine. Imelipa usafirishaji, imelipa fundi wa kuifunga, imelipa mafunzo ya wafanyakazi watakaoitumia. Kipi kinaingia kwenye gharama ya mashine? Andika, kisha fungua uhakikishe. Usafirishaji na ufungaji vinaingia, mafunzo hayaingii. Ukikosea hapo, hutasahau tena. Rudia kesho, halafu baada ya siku tatu, halafu baada ya wiki.

Mama Kayole
Mimi hiyo saa kumi naipinga. Mtu aliyeshinda amesimama dukani anahitaji usingizi, na alichosoma hutulia kichwani akiwa amelala. Kinachosaidia ni kufunga masomo kwenye jambo ambalo huliachi hata siku moja. Mimi ni vyombo: nikishaviosha tu, nakaa mezani kabla sijagusa kitanda. Dakika 25, simu imezimwa iko juu ya kabati. Siku nikiwa hoi nafanya swali moja, lakini nakaa. Ukiruka leo, kesho usijilipize kwa saa nne. Rudi kwa dakika zako zile zile.

Kijana wa Rongai
Jumamosi ukipata nafasi, nenda Maktaba Kuu kule Upper Hill. Ulizia kwanza saa zao. Kukaa kati ya watu wanaosoma kunavuta, na ukibeba kitabu kimoja huna pa kurukia.

Binti wa Githurai
Asanteni sana, hasa Mama Kayole. Nilidhani mimi ni mvivu. Kesho nachapisha silabasi. Moja tu limebaki: mitihani ya miaka iliyopita nianze nayo lini? Wengine wanasema nimalize silabasi kwanza.

Mhasibu wa Umoja
Anza wiki hii. Ukimaliza mada, tafuta swali lake moja la mtihani, ulifanye kwa kalamu huku saa ikienda. Ukingoja kumaliza silabasi yote, Novemba itakukuta hujagusa hata moja.