Kuzunguka ghuba kwa boti asubuhi hadi jioni, Kilwa mpaka Msimbati: tupeane uzoefu

Mkazi wa Shangani (mwenye uzi)

Wanajamvi, salaam. Likizo zikikaribia nawaona ndugu zangu wa Mtwara na Lindi wakiulizana nauli ya kwenda Unguja. Unguja ni pazuri, sina neno. Lakini bahari hii tuliyonayo, kuanzia Songosongo mpaka mlango wa Ruvuma, ina visiwa, mikoko, magofu na miamba ambayo mtu anaizunguka mchana na usiku akalala kwake. Tatizo ni maelezo. Ukiuliza utapandia wapi, utoke saa ngapi, ubebe nini, unajibiwa "nenda tu utaona". Naomba tuandike waliokwenda wenyewe: mlipopandia, hali ya maji, kilichowafurahisha na kilichowaudhi.

Naanza na Msimbati. Kutoka Mtwara mjini unapita Madimba penye mtambo wa gesi, kisha barabara inakushusha ufukweni. Eneo lile ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na mlango wa Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Ina kilomita za mraba 650 na sehemu kubwa yake ni maji. Unalipa kiingilio ofisini kwao, unapewa risiti, ndipo unatafuta boti. Risiti itunze, utaulizwa.

Sisi tulichukua mashua ya mashine ya mzee mmoja wa palepale. Tulikuwa familia mbili, tukapatana bei ya chombo kizima, siyo ya kichwa. Ndani ya ghuba kuna Namponda na Membelwa, na katikati yake maji meupe ya mchanga ambayo yakikupwa yanafunua fungu unaloweza kushuka na kutembea. Watoto walikaa pale mpaka tukawabembeleza kuondoka. Nje ya ghuba, upande wa Ruvula, mwamba unakatika ghafla na rangi ya maji inageuka kutoka kijani kwenda buluu nzito. Mzee alizima mashine tukaacha mkondo utusogeze.

Niseme jambo moja kwa uchungu. Miamba ya huku ilipigwa mabomu ya uvuvi kwa miaka mingi. Kuna sehemu unachungulia chini na unaona vifusi vya matumbawe vimelala. Halafu hatua chache mbele unaona matumbawe machanga yanaota juu ya vifusi hivyohivyo, na samaki wadogo wamejaa. Wanangu nilitaka waone vyote viwili.

Tulibeba ming'oko (vile viazi vya porini) ya kuchemsha, chumvi ya pilipili, maji ya kutosha na turubai la kivuli. Turubai msilisahau, mashua nyingi hazina paa.

Binti Masoko

Kaka mwenye uzi, asante. Mimi ni wa Kilwa Masoko na wageni wananiuliza habari hizi karibu kila wiki, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Kilwa safari ya boti inapangwa kwa kuangalia mwezi wa angani. Siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yanakupwa sana kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Ukienda Songo Mnara siku hiyo kwa kuondoka saa mbili, unafika wakati mbaya kabisa. Boti inasimama mbali, unashuka na kukanyaga tope la mikoko mpaka magotini, na mama yako mzee uliyemleta anabaki chomboni. Nimeyaona hayo kwa wageni walioletwa na mtu wa mjini aliyepanga kwa simu bila kumuuliza mvuvi hata mmoja.

Siku ya nne au ya tano baada ya bamvua mambo yanabadilika. Maji yanajaa mapema, kwenye saa mbili na kuendelea. Tulipowapeleka shangazi zangu tuliondoka Masoko kabla jua halijapanda, tukapita nje ya Kilwa Kisiwani kuelekea kusini. Kwa mashua ya mashine ni mwendo wa saa moja na nusu hivi, au mbili mkipata mkondo wa mbele. Tukaingia kwenye vijito vya mikoko maji yakiwa tele, matawi yanagusa ubavu wa chombo, ndege weupe wametanda juu. Shangazi mkubwa aliacha kuongea kabisa, na wanaomjua wataelewa uzito wa jambo hilo.

Songo Mnara ni mji mzima wa mawe na matumbawe wa karne ya 14 mpaka ya 16. Kuna misikiti 5, jumba la kifalme, na mabaki ya nyumba zaidi ya 30 ndani ya ukuta. Unaingia nyumba ya mtu unaona sebule ilikuwa wapi, choo wapi, shubaka la taa wapi. Wasichana wetu walianza kugawana vyumba. Pale nilijua kwamba watoto wakifika wenyewe, historia hawahitaji kukaririshwa.

Tuliondoka kabla ya saa tano, maji hayajatukimbia, tukarudi Kilwa Kisiwani. Sehemu zote mbili ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Ziliwahi kuingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, kazi ya kuzihami ikafanyika, zikatolewa 2014. Kwa sasa zinasimamiwa na TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori), kibali mnachukua Masoko kabla ya kupanda boti na mnapewa mwongoza wageni. Mwongozaji msimkwepe. Bila yeye Husuni Kubwa utaiona kama kuta zilizobomoka juu ya jabali. Ukiwa naye utasimama ukingoni mwa bwawa la pembe nane na kujua kwamba hilo lilikuwa jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na kwamba msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akakuta mji aliousifu kwa uzuri. Sarafu ya sultani huyo imeokotwa kwenye magofu ya Zimbabwe Kuu, kule dhahabu ilikotoka. Sarafu za Kilwa zimeokotwa hata visiwa vya kaskazini mwa Australia, mwaka 1944.

Msikiti Mkuu na Gereza, ile ngome ya kale, mtaviona, sitavieleza. Ila chukueni muda mkae kijijini. Kina mama wa Kisiwani watawapikia samaki wa nazi mkiwaagiza asubuhi mnapopita. Msiagize mkifika na njaa.

Mtoto wa Mtanda

Lindi hatuna magofu kama ya Kilwa, lakini ghuba tunayo. Mimi ninachopenda ni kuvuka kwenda Kitunda, kisha kumlipa mwenye boti atupandishe kidogo ndani, Mto Lukuledi unakoingia baharini. Asubuhi maji yametulia, mikoko pande zote, wavuvi wa kamba wanarudi. Ukigeuka unauona mji wote wa Lindi umekaa chini ya kilima.

Nikipita pale huwa nawaambia wanangu habari ya kilima cha Tendaguru. Kati ya 1909 na 1913 mifupa ya dinosaria iliyofukuliwa huko ilibebwa vichwani na vijana wa huku, mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari hii ya Lindi, ikapakiwa melini kwenda Berlin, na huko iko mpaka leo. Wabebaji wale majina yao hayasomwi popote. Ndiyo maana mimi nawataja wabebaji hao mbele ya watoto tukiwa ndani ya boti, wanaangalia maji yaleyale.

Mzee wa Korosho

Habari zenu. Mimi nitaleta ya mbali kidogo, mtanivumilia. Biashara ya korosho ghafi ilinipeleka Vietnam, maana korosho zetu nyingi zinaishia kubanguliwa kule. Kazi ilipoisha wenyeji wangu wakanipeleka Hanoi, na kutoka hapo basi la saa mbili na nusu mpaka Ghuba ya Ha Long. Ile picha ya mawe yanayotoka baharini iliyo kwenye noti yao ya dong 200,000 ni ya pale.

Wanauza tiketi kwa kichwa, chakula cha mchana ndani yake. Boti ina meza na jiko. Mnatoka bandarini mnaingia kati ya visiwa vya mawe ya chokaa, karibu 2,000, vingine vidogo mno, vimesimama wima na miti juu yake. Vilinyanyuka, mvua ikala chokaa kwa mamilioni ya miaka, ndiyo maana ndani yake kuna mapango. Tuliingia pango la Sung Sot. Unapanda ngazi, unapita mlango mwembamba, halafu ukumbi unafunguka mkubwa kupita ghala lolote nililowahi kuhifadhia korosho. Baadaye tukapanda kisiwa cha Ti Top. Ho Chi Minh ndiye aliyekipa jina hilo, kwa heshima ya Titov, mwanaanga wa Urusi aliyekwenda naye pale mwaka 1962. Ngazi zake ni nyingi na magoti yangu yanazikumbuka, ila ukifika juu unaiona ghuba yote.

Kwa uzuri nawapa haki yao kamili. Lakini kuna jambo nililiwaza sana njiani. Vijiji vya wavuvi waliokuwa wakiishi juu ya maji kule, watu wake walihamishiwa nchi kavu mwaka 2014. Mgeni anapigiwa kasia kuzunguka nyumba ambazo nyingi hazina wenyewe. Kilwa Kisiwani watu wapo. Unashuka, unasalimiwa, unaulizwa umetoka wapi. Watalii wakija wengi huku kwetu, na watakuja, naomba kwa dhati wenyeji wasiondolewe ili pabaki pazuri kwa picha.

Mama Wawili

Shikamoo Mzee wa Korosho, umesema neno zito.

Mimi naleta la usalama. Kuna safari tuliyofanya, mahali na mwenye boti sitawataja. Tulipatana watu 8, tulipofika ufukweni akawa ameongeza wengine 6 na mizigo yao. Jaketi za kuokolea zilikuwa nne, zote za watu wazima. Tukiwa katikati, mashine ikazima. Hapakuwa na mashine ya akiba, tanga halikuwepo, na kusi lilikuwa linaanza kupuliza. Baharia alikuwa anakumba maji kwa kopo la rangi na mwanangu mdogo ananishika shingo. Wavuvi wa ngalawa ndio waliotuvuta. Mungu awalipe.

Siku hizi sipandi mpaka niridhike. Namwomba mwenye chombo anionyeshe cheti cha ukaguzi cha TASAC, wale wasimamizi wa usalama wa vyombo vya majini. Nahesabu jaketi, na za watoto nakwenda nazo mwenyewe. Naangalia taarifa ya bahari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa usiku wa kuamkia safari. Tuliokuwa huku Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ilipokatika Somanga, hatuhitaji kukumbushwa. Na huko Ha Long alikokwenda mzee, Julai 2025 boti ya watalii ilipinduliwa na dhoruba ya ghafla, watu zaidi ya 30 wakafariki. Kule wana bandari na vibali vya kila aina. Bahari haimjui tajiri.

Nahodha akikwambia leo hatutoki, mshukuru na umlipe hata soda.

Kijana wa Nangurukuru

Naomba kuuliza wakuu. Mapango kama hayo ya Ha Long, ya kuingia kwa boti, huku yapo?

Binti Masoko

Mdogo wangu, kwa boti mimi sijapata kuingia lolote la namna hiyo. Ukitoka Masoko kwenda Kisiwani utaona jabali la matumbawe lililoliwa chini na mawimbi, boti inapita karibu, basi.

Mapango makubwa yako nchi kavu, wilayani kwetu huku, milima ya Matumbi. Nenda Kipatimu uulize Nang'oma. Ni la chokaa vilevile, lina popo kwa maelfu, na wazee wanasimulia watu walivyojificha humo wakati wa Majimaji. Vita vyenyewe vilianzia Nandete, Julai 1905, watu walipong'oa pamba ya Wajerumani. Uende na mwenyeji, viatu vya kushika, na tochi mbili. Hiyo ni siku yake peke yake, usiichanganye na ya bahari.

Mkazi wa Shangani (mwenye uzi)

Nimejifunza mengi, hasa habari ya mwezi. Dada Binti Masoko, tunataka kuja Kilwa na wanafunzi Agosti, 25 hivi pamoja na walimu. Unashauri nini? Na nyangumi je, tutawaona?

Binti Masoko

Agosti kusi bado lina nguvu, mwalimu. Ikiwezekana sogezeni mpaka Oktoba, maleleji, bahari inalala. Nyangumi wanapita pwani hii kati ya Julai na Novemba wakija kuzalia maji ya joto, kwa hiyo Oktoba bado mna bahati nao, ingawa hakuna anayeweza kuwaahidi.

Kama ni lazima Agosti, Songo Mnara iacheni. Fanyeni Kisiwani peke yake, kuvuka ni kilomita 2 tu, mtoke asubuhi na mrudi kabla upepo wa mchana haujakaza. Watu 25 wagaweni boti mbili, kila moja iwe na mwalimu anayejua kuogelea. Barua ya kibali pelekeni mapema, wanafunzi wana kiwango chao cha kiingilio. Na mkishapata tarehe, itaje hapa kabla hamjalipa chochote, niangalie maji yatakuwaje siku hiyo.