Mrejesho: zile liposomu za manjano zilizokuwa zikipauka

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini liposomu zangu (vifuko vidogo sana vya mafuta) zenye dondoo ya kiungo cha manjano (yale ya soko la Marikiti) zinapauka na kuacha unga wa njano chini ya chupa baada ya siku kumi.

Aliyesema nianze na pH, ubarikiwe. Bafa (maji yanayoshikilia pH) ilikuwa 7.4, na kurkumini, ile rangi ya manjano, isiyofunikwa huoza upesi hapo. Kwa nyuzi 37, nusu saa tu nyingi imekwenda. Nimeshusha hadi 6. Chupa angavu nimezitoa dirishani, jua la Nairobi halina adabu, sasa natumia za kahawia.

Unga ulinisumbua zaidi. Chaji ya zeta (umeme wa juu ya chembe unaozifanya zisukumane) ilikuwa hasi milivolti 12 tu, chembe zinagandamana. Nimeongeza fosfolipidi (mafuta yanayojenga utando wa vifuko) yenye chaji, imefika hasi 34. Halafu la aibu: sampuli zilikuwa zimeegemea ukuta wa nyuma wa friji, zikaganda usiku. Barafu hupasua utando. Nimezisogeza katikati, nyuzi 4.

Leo wiki ya tano: ukubwa wa chembe umetoka nanomita 140 hadi 148 tu, rangi ipo. Sampuli iliyokaushwa ndiyo bado imenishinda, nikitia maji inarudi na mabonge. Naijaribu tena na trehalosi, sukari inayolinda utando wakati wa kukausha.