Tupeane uzoefu: Ng'ombe na mbuzi wanaotupa mimba au wasioshika kabisa (Dodoma, Singida na jirani)

Mwanakongwa: Mbukwenyi wakuu. Jana alfajiri mtamba wangu katupa ndama wa miezi saba, kondo la nyuma limegoma kutoka. Ni wa pili tangu Agosti. Chakula ni mabua ya mtama tu, kiangazi hiki mnakijua. Dume niliazima kwa jirani. Waliopitia haya waseme.

Chigunga: Dume la kuazima. Jibu unalo tayari.

Mama Nzuguni: Wangu shida ilikuwa kushika. Chotara, mara nne anapigwa mbegu, kila siku ya 21 analia tena. Nikahisi tasa, nikataka kumpeleka mnadani. Kumbe mhimilishaji nampigia asubuhi, anafika kesho yake mchana, na joto lenyewe, ule muda wa kutaka dume, linadumu saa 12 hadi 18 tu! Nikaanza kuamka saa kumi usiku kumchungulia, maana Oktoba jua likishapanda ng'ombe hana hamu ya kupanda mwenzake. Akionekana asubuhi apigwe jioni hiyo hiyo, akionekana jioni apigwe asubuhi. Mara ya tano kashika.

Ndama Dume: Mara tano! Si bora dume? Dume halisubiri simu.

Mama Nzuguni: Dume linatembeza magonjwa zizi hadi zizi. Madume ya Usa River, kituo cha taifa cha mbegu kule Arusha, yanapimwa.

Ndama Dume: Sijakataa, nazungumzia gharama.

Mama Nzuguni: Gharama ya kutupa mimba mbili je?

Kizota Mifugo: Mashudu ya alizeti na chumvi ya mawe. Ng'ombe mwenye mbavu nje hashiki.

Alizeti Singida: Usizidishe. Wangu alinenepa kupita kiasi, mwaka mzima bila joto.

Mwana wa Mvumi: Nimesoma "katupa", mkono ukatetemeka. Mwaka 2007 mvua zilipitiliza, madimbwi kila kona, mbu hadi mchana. Kondoo wetu wenye mimba wakaanza kutupa, leo watatu, kesho sita, ndani ya wiki hakubaki hata mmoja. Vitoto vilivyokwisha zaliwa vikafa. Baba akasema ni majani mabichi. Waliodhoofika tukachinja, tukala, tukagawia majirani. Aliyekuwa anachuna ni kaka yangu. Ikaja homa, akasema haoni vizuri, kisha fizi zikatoa damu. Tulimpakia kwenye baiskeli hadi barabarani. Hakurudi. Baadaye ndipo tukasikia jina, Homa ya Bonde la Ufa. Nchi nzima walikufa watu zaidi ya 100, na mkoa wetu wa Dodoma ndio ulioumia kuliko yote. Hadi leo kitoto kilichotupwa sikigusi kwa mkono mtupu.

Kizota Mifugo: Pole sana ndugu yangu. Nakumbuka, nilikuwa darasa la tano. Nyumbani mlenda tu, nyama hakuna aliyethubutu.

Alizeti Singida: Pole mno. Mungu amrehemu.

Mwanakongwa: Mimi jana nimelivuta lile kondo kwa mikono. Sikuvaa glavu.

Bwana Mifugo Mstaafu: Usilivute tena, utamchana kizazi. Miezi saba na kondo kubaki, mimi nahisi brusela, ugonjwa wa kutupa mimba unaoambukiza hata watu, ila kipimo ndicho kitasema. Ndama mzike chini sana mbwa wasifukue. Wewe pia kapime. Homa ya kuja na kuondoka, jasho usiku, viungo kuuma: usikubali kumeza dawa za malaria tu ukarudi nyumbani. Na maziwa yachemsheni.

Ndama Dume: Babu yangu kanywa mabichi hadi miaka 90.

Bwana Mifugo Mstaafu: Na waliolala na migongo inayouma miaka yote umewahesabu?

Chigunga: Dume nalo likikaa miaka minne linapanda binti zake. Badilisheni.

Mwanakongwa: Nimerudi. Mtaalamu kachukua damu ya wote tisa, mimi naenda hospitali kesho. Jirani nimempigia, anasema dume lake ni zima, halipimwi.

Chigunga: Limepanda wangapi hapo kijijini?

Mwanakongwa: Tangu Januari? Karibu mazizi yote ya upande wa mlimani.